Siku Moja Bologna: Gelato ya Kweli na Vyakula Vyenye Vipimo

Watu wengi wanaokwenda Italia kwa hamu ya gelato, yaani aiskrimu ya Kiitaliano, huishia Roma, Venezia au Firenze, na gelato yao ya kwanza huila mbele ya kanisa kubwa au juu ya daraja maarufu, mahali ambapo muuzaji anajua fika kwamba mteja wa leo hatarudi kesho. Sisemi kwamba miji hiyo haina gelato nzuri, kwa maana inayo, tena Firenze hujinasibu kuwa ndiko ilikozaliwa. Ninachosema ni kwamba mtu aliye na siku moja tu ya kula, na mwenye nia ya kujua gelato halisi ikoje na hutengenezwaje, atafaidi zaidi akipanda treni kwenda Bologna, mji ambao wageni wengi huupita tu wakiwa njiani kuelekea kwingine.

Mwishoni mwa Septemba mimi na wifi yangu tulikuwa tumefikia Firenze, tukaamua kutenga siku kwa ajili ya safari hiyo. Reli ya treni za kasi kati ya miji hiyo miwili ilifunguliwa Desemba 2009, nayo hupita chini ya milima ya Apennini. Zaidi ya kilomita 70 za njia yake zimo ndani ya mahandaki, kwa hiyo asitegemee mtu kutazama mandhari dirishani. Abiria huingia gizani, hukaa humo dakika 35 hadi 40, kisha hutokea Bologna akiwa hajaona lolote la kumchosha na tumbo lake liko tayari. Kwa safari ya kula, sioni ubaya wake.

Kutoka kituoni hadi Piazza Maggiore, uwanja mkuu wa mji, ni mwendo wa robo saa au zaidi kidogo kwa miguu, kwa kufuata Via dell'Indipendenza, na karibu njia yote mtu hutembea chini ya mabaraza yenye matao ambayo ndiyo sifa kubwa ya mji huu. Kwa jumla mabaraza hayo yana urefu wa kilomita 62 hivi, na sehemu yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2021. Ninayataja kwa sababu yanamhusu mla gelato moja kwa moja: mchana wa jua kali koni haiyeyukii mkononi upesi, na siku ya mvua hakuna haja ya kula huku umejibanza mlangoni mwa duka.

Kahawa ya asubuhi tuliinywa tukiwa tumesimama kwenye kaunta kama wanavyofanya wenyeji, kwa kuwa kahawa ileile ikiletwa mezani huongezwa bei. Kapuchino huagizwa asubuhi, na baada ya chakula cha mchana hunywewa espresso. Hakuna atakayemkataza mgeni, lakini katika hili ninakubaliana na wenyeji, kwani kikombe kizima cha maziwa juu ya sahani ya pasta hulijaza tumbo na kuinyima gelato nafasi yake.

Mashariki ya Piazza Maggiore kuna eneo la soko linaloitwa Quadrilatero, nalo ni vichochoro vichache tu, kama Via Pescherie Vecchie, Via Drapperie na Via Clavature, ambavyo tangu Enzi za Kati vilikuwa makao ya wachinjaji, wauza samaki, wauza vitambaa na masonara. Masonara wengi wamehama, lakini walaji wamebaki. Katika madirisha ya maduka huonekana wanawake wakisukuma unga wa mayai kwa mpini mrefu wa mbao hadi ukawa mwembamba kiasi cha kupenyeza mwanga, na kanuni yao ni nyepesi kukumbuka: yai moja kwa kila gramu 100 za unga, bila maji. Ndani, magurudumu ya jibini la Parmigiano Reggiano yamepangwa hadi kimo cha mtu. Gurudumu moja lina uzito wa kilo 40 hivi, huhitaji lita 550 hivi za maziwa, na haliruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo kabla ya kukaa miezi 12. Muuzaji tuliyemwendea hakulikata kwa kisu kirefu, bali alilichokonoa kwa kisu kifupi chenye umbo la lozi hadi likapasuka vipandevipande, akatuonjesha la miezi 24 kisha la miezi 36. La pili lilikuwa limejaa chembe nyeupe zinazokwaruza menoni, ambazo watu wengi hudhani ni chumvi, kumbe ni tyrosine, mojawapo ya asidi amino, ambayo hujitenga kadiri protini za jibini zinavyovunjika kwa umri. Wifi yangu alilipenda la miezi 24, akasema lile jingine linamtawala mlaji. Mimi nilinunua la miezi 36.

Hapa yafaa niseme jambo linalowahusu wasomaji wengi. Chakula cha Bologna kimejengwa juu ya nguruwe, na wifi yangu hali nguruwe, kwa hiyo siku nzima tulikuwa na mitihani miwili tofauti. Mortadella, ambayo ndiyo fahari ya mji, ni nyama ya nguruwe iliyosagwa hadi ikawa laini kabisa, ikachanganywa na vipande vya mraba vya mafuta ya shingoni, kisha ikapikwa polepole katika tanuri la hewa kavu. Heshima yake ni ya zamani: mwaka 1661 Kardinali Girolamo Farnese alitoa tangazo lililoweka masharti ya namna ya kuitengeneza, na tangu 1998 jina la Mortadella Bologna linalindwa na Umoja wa Ulaya. Huliwa ikiwa imekatwa nyembamba sana, ndani ya mkate usiopakwa kitu, na harufu yake hutangulia kabla ya mdomo. "Wifi, wewe kula," aliniambia, akiwa ameshika mfuko wake wa jibini. "Mimi ya kwangu naisubiri kwenye koni."

Wenye kujali kama yeye wajue kwamba nguruwe hujificha mahali pasipotarajiwa. Crescentina, kipande cha unga kinachokaangwa hadi kikavimba, kinaonekana hakina madhara, lakini kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, yanayoitwa strutto, na swali hilo linafaa kuulizwa kwa neno lilelile ili lisipotoshwe. Ragù ya Bologna, mchuzi mzito wa nyama, ingawa nyama yake kubwa ni ya ng'ombe, huanza kwa pancetta, yaani nyama ya tumbo la nguruwe. Tortellini, vifuko vidogo vya pasta, hujazwa mnofu wa nguruwe, paja lake lililokaushwa kwa chumvi, mortadella, Parmigiano, yai na kungumanga. Kimbilio la uhakika zaidi ni tortelloni, ndugu zake wakubwa, ambazo hujazwa jibini laini la ricotta na majani, kisha humiminiwa siagi iliyoyeyushwa pamoja na majani ya salvia.

Kabla ya kuketi mezani tulipita mbele ya Palazzo della Mercanzia, jengo la zamani ambamo mna makao ya Chemba ya Biashara ya Bologna. Mimi nalipenda kwa sababu ya makabrasha yake. Mwaka 1972 uliwekwa humo utepe wa dhahabu wenye kipimo rasmi cha tagliatelle, tambi bapa za unga wa mayai: milimita 8 kwa upana ikiwa imepikwa, sawa na sehemu moja ya 12,270 ya urefu wa mnara wa Asinelli, wenye mita 97 na ushei na ulio hatua chache tu kutoka hapo. Mwaka 1974 yakafuata mapishi ya tortellini, na mwaka 1982 mapishi ya ragù, ambayo yalirekebishwa 2023. Sahani ya spaghetti kwa mchuzi wa nyama, ambayo dunia nzima huiita kwa jina la mji huu, haimo katika makabrasha hayo, na sababu si majivuno peke yake. Tambi za mviringo na laini huuachia mchuzi mzito uangukie chini ya sahani, ilhali utepe wa unga wa mayai, mpana na wenye ukwaruzo wa mbao iliyousukuma, huushika na kupanda nao.

Mtu anaweza kucheka akisikia chemba ya biashara ikihifadhi upana wa tambi, na wifi yangu alicheka kweli. Hata hivyo, kwa maoni yangu, tabia hiyo ndiyo inayoifanya Bologna iwe mahali pazuri pa kujifunzia gelato, kwa sababu gelato nayo ni chakula cha vitu vichache na vipimo vikali, ambacho hakina mahali pa kufichia uzembe. Mji uliozoea kubishana kuhusu milimita humwajibisha muuza gelato kwa namna ambayo umati wa watalii hauwezi.

Chakula chenyewe cha mchana nitakipita haraka. Nilikula tortellini katika supu safi ya nyama, ambayo ndiyo namna inayopendekezwa na wenyeji, kwani malai huufunika mjazo wake. Wifi yangu akala tortelloni kwa siagi. Tulilipa pia coperto, ada ya kila mtu anayeketi, ambayo huandikwa katika orodha ya vyakula na wala si bakshishi. Kitindamlo tulikikataa kwa makusudi, mhudumu akashangaa kidogo, tukamweleza tunakokwenda, akatikisa kichwa kwa kukubali.

Bologna haidai kuivumbua gelato, lakini mashine ya kuitengeneza ina historia ndefu hapa. Kabla ya mashine, fundi alikaa na chombo cha chuma kilichozungukwa barafu na chumvi, akakoroga na kukwangua kuta zake kwa mwiko mrefu hadi mchanganyiko ukashikana. Mwaka 1927 Otello Cattabriga wa Bologna alibuni mashine iliyouiga mwendo huo wa mkono kwa nguvu za umeme. Mwaka 1946 ikaanzishwa kampuni ya Carpigiani, ambayo mashine zake sasa zimesambaa duniani, na ambayo ina chuo cha kufundisha watengeneza gelato pamoja na jumba la makumbusho lililofunguliwa 2012 huko Anzola dell'Emilia, nje kidogo ya mji. Hatukwenda huko. Siku moja haitoshi kwa makumbusho na kwa tumbo.

Tofauti kati ya gelato na aiskrimu ya kawaida haiko katika utamu, ingawa ndivyo watu wengi wanavyodhani. Iko katika mafuta, hewa na baridi. Kwa sheria ya Marekani aiskrimu lazima iwe na angalau asilimia 10 ya mafuta ya maziwa, ilhali gelato hutumia maziwa mengi kuliko malai, na mafuta yake kwa kawaida huwa kati ya asilimia 4 na 8. Mashine ya gelato hukoroga polepole na kuingiza hewa kidogo, kama asilimia 20 hadi 35 juu ya ujazo wa mchanganyiko, lakini aiskrimu ya viwandani inaweza kutiwa hewa nyingi hadi ujazo wake ukakaribia kuwa maradufu. Kisha gelato huuzwa ikiwa na nyuzi 12 hadi 14 hivi chini ya sifuri, si zile 18 za friza. Mambo hayo matatu husaidiana: mafuta machache hayaufuniki ulimi, baridi ya wastani haiutii ganzi, na kwa kuwa hewa ni kidogo kila kijiko huwa na kitu ndani yake. Ladha hufika mapema na huondoka mapema, na mlaji hubaki akitamani maji kidogo tu, si jagi zima. Kiu kali baada ya gelato ni dalili kwamba sukari imezidi.

Sukari yenyewe haimo kwa ajili ya utamu peke yake. Maji yenye sukari huhitaji baridi kali zaidi kuliko maji matupu ili yagande, kwa hiyo kiasi cha sukari ndicho kinachoamua kama gelato itachoteka kwa mwiko au itagoma. Fundi akiipunguza ovyo ili kuwaridhisha wanaoogopa sukari, hupata barafu. Akiizidisha, gelato haisimami. Ndiyo sababu huchanganya sukari za aina kadhaa, kama sukari ya kawaida na dekstrosi, ambayo utamu wake ni mdogo lakini huzuia kuganda kwa nguvu zaidi. Unga wa mbegu za karobu, kwa kiasi kidogo mno, hushika maji yasijitenge na kuwa chembe za barafu. Mchanganyiko hupashwa moto hadi nyuzi 85 hivi, hupozwa haraka hadi nyuzi 4, huachwa utulie kwa saa kadhaa ili protini za maziwa zifyonze maji, ndipo uingie mashineni. Duka linaloifanya kazi hii lenyewe kila siku huwa na aina chache, kwani mikono ina kikomo. Nikiona duka dogo lenye ladha 40 huanza kujiuliza zinatoka wapi.

Katika mitaa ya watalii gelato hupangwa katika milima mirefu inayopita ukingo wa sinia, ikapambwa kwa matunda mazima na vipande vya biskuti. Milima hiyo hupendeza katika picha, lakini sehemu iliyo juu ya ukingo iko nje ya baridi ya kabati, na ili isimame bila kuporomoka huhitaji hewa nyingi pamoja na mafuta ya mimea na viungo vya kuishikiza. Gelato nzuri hulala chini, bapa, ndani ya sinia, au haionekani kabisa. Katika maduka mengi yanayojiheshimu huwekwa katika pozzetti, yaani mashimo ya chuma yenye vifuniko ndani ya kaunta, ambako hewa, mwanga na mabadiliko ya baridi haviifikii. Mteja husoma majina tu na kuamini. Wifi yangu hakupenda mwanzoni, akauliza mtu atachaguaje kitu asichokiona, na swali lake lilikuwa la haki. Lakini kaunta iliyofunikwa humlazimisha muuzaji ashinde kwa ladha.

Pale inapoonekana, rangi husema mengi. Gelato ya ndizi inapaswa kuwa na weupe wa kijivu, kwa kuwa hiyo ndiyo rangi ya ndizi iliyopondwa. Ikiwa ya njano kali, imetiwa rangi. Ya limau ni nyeupe. Ya mnanaa uliolowekwa katika maziwa nayo huwa nyeupe au kijani hafifu sana. Pistachio ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote, kwa kuwa halisi huwa na kijani kilichofifia kuelekea kahawia, si kijani cha majani machanga. Pistachio za Bronte, kwenye miteremko ya mlima Etna huko Sicilia, huvunwa mwaka mmoja na kuachwa mwaka unaofuata, na bei yake ni kubwa, kwa hiyo kishawishi cha kuzichanganya na lozi na kuongeza rangi hakikosekani. Anayetaka uhakika aombe kuona orodha ya viambato. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011 huwataka wauzaji wa chakula watoe taarifa za vitu 14 vinavyoweza kudhuru wenye mzio, na maduka mengi huwa na daftari kamili la viambato karibu na kaunta. Hakuna aibu kuliomba. Anayekasirika kwa kuulizwa ameshajibu.

Kwa wasiotumia pombe, daftari hilo lina kazi nyingine. Ladha iitwayo zuppa inglese, ambayo ni ya mkoa huu na huvutia kwa mistari yake myekundu, hupata wekundu huo kutoka kwa alchermes, kileo chenye viungo. Malaga huwa na zabibu kavu zilizolowekwa katika rum. Na zabaione hutengenezwa kwa divai ya Marsala. Wifi yangu alikuwa ameinyooshea kidole zuppa inglese, nikamtajia kilichomo, akakirudisha kidole chake kwa heshima zote.

Majina yanayotajwa sana na wapenzi wa gelato mjini ni kama Cremeria Santo Stefano, La Sorbetteria Castiglione na Cremeria Funivia, lakini sisi tuliingia katika duka dogo tulilolikuta nyuma ya Piazza Santo Stefano, kwa sababu tu foleni yake ilikuwa ya akina mama waliokuja na watoto kutoka shuleni. Katika maduka ya aina hiyo mara nyingi mtu hulipa kwanza kwa mpokea pesa, akitaja ukubwa wa koni au kikombe, kisha huipeleka risiti kwenye kaunta na kuchagua ladha. Koni ndogo ya ladha mbili huwa karibu euro 3. Muuzaji hatumii kijiko cha duara, bali mwiko bapa wa chuma, ambao kwa huo huikanda gelato kidogo ukutani mwa chombo kabla ya kuipandisha kwenye koni, na ukandaji huo si madoido. Huilainisha na kuirudishia ulaini uliopungua tangu asubuhi.

Kuchagua ladha mbili zinazopatana ni kazi inayohitaji utulivu. Kanuni yangu ni kuoanisha moja ya maziwa na moja ya njugu, au matunda kwa matunda, na sipendi kabisa kuona limau likikaa juu ya chokoleti. Nilichagua crema na pistachio. Crema ya Bologna ni ya viini vya mayai, ya njano iliyopauka, yenye harufu ya ganda la limau kwa mbali, na mimi huihesabu kuwa kipimo bora cha fundi kuliko ladha yoyote yenye mbwembwe, kwani yai lililopashwa moto kupita kiasi hunuka mara moja, na mayai yakiwa machache mno ladha yake haitokei. Ile ilikuwa imekaa sawasawa. Pistachio ilikuwa na chumvi kidogo sana, na ilibaki mdomoni kwa muda mrefu kuliko crema, jambo linaloeleweka kwa kuwa mafuta yake yametoka katika njugu zenyewe.

Wifi yangu alichagua tini na fior di latte. Fior di latte ni maziwa, malai na sukari, basi; haina yai wala vanila, na ndiyo inayotumiwa kama msingi wa stracciatella, ile yenye nyuzi za chokoleti, iliyobuniwa na Enrico Panattoni mjini Bergamo mwaka 1961. Tini zilikuwa katika msimu wake wa mwisho, na duka lilikuwa limebandika karatasi ya kuwaarifu wateja kwamba zikiisha zimeisha hadi mwaka ujao. Ilikuwa na rangi ya udongo, ikiwa na mbegu zake ndogo zinazopasuka menoni, na haikuvutia macho hata kidogo. Alionja, akanyamaza, akanisogezea koni yake bila kuombwa, kisha akairudisha upesi nilipouma mara ya pili. "Wifi, hii si ya kugawana," akasema.

Tulizunguka kidogo mitaani, tukanywa kahawa kwa kipande cha torta di riso, keki ya wali uliopikwa katika maziwa pamoja na lozi na vipande vya balungi vilivyokaushwa kwa sukari, ambayo hukatwa katika umbo la almasi. Aliyekulia kwenye mkate wa kumimina hatashangaa kuona mchele ukikaa kwenye sinia la vitamu. Hii nayo mara nyingi huwa na kileo cha lozi kilichonyunyizwa juu, kwa hiyo kipande kilikuwa changu peke yangu, na wifi yangu alisema ameanza kuuona mji huu kuwa na hila.

Ili kumfidia, jioni tulirudi kwenye duka lilelile. Maduka ya gelato hubaki wazi hadi usiku, hata baada ya migahawa kuanza kupunguza wateja, na anayekata tiketi ya treni ya mapema hujinyima saa iliyo bora, wakati wenyeji wanapotoka na familia zao baada ya chakula. Gelato huuzwa pia kwa uzito, katika visanduku vyeupe vya povu gumu vinavyozuia joto, ambavyo watu huvinunua wanapoalikwa kwa jamaa zao badala ya kwenda mikono mitupu. Tulinunua kisanduku cha nusu kilo: upande mmoja pistachio, upande mwingine tini zilizobaki, na katikati sorbeti ya limau, ambayo haina maziwa na kwa hiyo huhitaji sukari nyingi zaidi ili ichoteke. Tulikifungua ndani ya treni kabla hata handaki la kwanza halijatumeza. Pistachio ilikuwa imelainika kwa kiasi nilichokitaka, limau bado lilikuwa gumu, na tini, licha ya makubaliano tuliyoyafanya jukwaani, nilionja kijiko kimoja tu.